Sura ya Nne: Usikate Stempu

Nilikuwa na miaka tisa nilipoharibu kumbukumbu za biashara za ukoo wetu. Babu alikuwa na duka la jumla Tanga, na nyuma ya kaunta, chini ya mizani, palikuwa na sanduku la bati lililojaa bahasha kuukuu zilizofungwa kwa kamba ya katani. Mimi na binamu yangu tuliruhusiwa kuchukua "picha" za pembeni. Tukashika mkasi, tukakata pembe moja baada ya nyingine, tukazilowesha kwenye beseni la maji ya vuguvugu hadi gundi ikaachia, kisha tukazianika stempu zetu juu ya gazeti. Bahasha zenyewe, zikiwa na pengo kila moja, zilikwenda jikoni kuwashia mkaa. Tulivuna stempu mia na ushei. Ninazo mpaka leo, na zote kwa pamoja hazinunui gunia la mkaa.

Mali ilikuwa kwenye makaratasi yaliyoungua. Yangenieleza babu alikuwa akiagiza khanga kwa nani Bombay, barua yake ilichukua siku ngapi kufika, lini alianza kuandikiana na Mombasa na lini aliacha. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga. Sisi tuliteketeza daftari na habari siku moja.

Stempu ikiwa peke yake inathibitisha jambo moja tu, kwamba ilichapishwa. Ikiwa imepigwa muhuri inathibitisha la pili, kwamba ilipita mahali fulani, kama jina la mahali hapo limesomeka. Bahasha nzima ni kama cheti cha safari. Ina mtumaji, mpokeaji, tarehe ya kuondoka, ada iliyolipwa, njia iliyopitiwa, mikono iliyoishika, na mara nyingi tarehe ya kufika. Fani ya kuusoma ushahidi huo huitwa historia ya posta. Anayetajwa sana kwa kuieneza tangu miaka ya 1930 ni Robson Lowe, mfanyabiashara na mwendesha minada wa London, aliyewashawishi wateja wake waache kung'ang'ania stempu safi na waanze kutazama barua zilizofanya kazi. Nakubaliana naye kwa asilimia mia, na nitaeleza kwa nini kwa kutumia bahasha moja isiyo na uzuri wowote.

Ninayo mezani sasa. Niliinunua Nairobi kwa muuza vitabu vya mitumba, kwa bei ya sahani ya pilau. Ni ya kaki, imepauka, pembe moja imeliwa na mende. Kushoto juu limechapwa jina la mnunuzi wa pamba wa Mwanza, na chini yake namba ya sanduku la posta. Inakwenda Bombay, kwa wakala wa nyuzi. Mwaka ni 1942. Juu kulia pana stempu moja, na hapo ndipo mgeni wa mambo haya hushangaa: ni stempu ya Afrika Kusini, ya peni sita, yenye picha ya mchungwa. Juu yake yamegongwa kwa wino mweusi majina ya Kenya, Tanganyika na Uganda, na thamani mpya ya senti 20.

Mchungwa wa Afrika Kusini ulifikaje Mwanza? Stempu zetu zilikuwa zikichapishwa Uingereza, na vita vilizifanya zichelewe kufika. Posta ya pamoja ya nchi hizi tatu, iliyoundwa mwaka 1933, ikaazima stempu za Afrika Kusini na kuzipiga chapa upya mnamo 1941 na 1942: senti 5 juu ya peni moja, senti 10 juu ya peni tatu, senti 20 juu ya peni sita, senti 70 juu ya shilingi. Kwa kuwa Afrika Kusini ilichapisha stempu zake kwa zamu, moja kwa Kiingereza na inayofuata kwa Kiafrikana, mkusanyaji huzitaka mbili mbili zikiwa zimeshikana. Jozi hizo zipo nyingi na si vigumu kuzipata.

Karani wa Mwanza hakuzitaka mbili. Alihitaji senti 20, akachana moja akabandika. Mkusanyaji wa wakati ule angenunua thamani zote nne, tena kwa jozi, akazipanga juu ya bahasha nyeupe, akaiandika kwa jina lake mwenyewe, akamwomba karani wa posta agonge muhuri taratibu usichafue. Bahasha za namna hiyo mimi huziita bahasha za harusi: zimevaa, zimepiga picha, hazijawahi kufanya kazi. Zimebaki tele kwa sababu zilizaliwa zitunzwe. Ile ya karani ilizaliwa ichanwe, barua itolewe, ganda litupwe. Iliyobaki imebaki kwa bahati, pengine kwa sababu mtu alikuwa mvivu wa kusafisha stoo.

Tuendelee kuisoma. Haina kibandiko cha ndege wala maneno ya kuomba ndege, kwa hiyo ilikwenda kwa nchi kavu na maji. Mwanza ilikuwa na njia mbili za kufika pwani. Reli iliyofika mjini hapo mwaka 1928 ilipitia Tabora hadi Dar es Salaam. Njia nyingine ilikuwa meli ya ziwani hadi Kisumu, kisha reli hadi Mombasa. Mbele ya bahasha hakuna jibu. Nyuma, chini ya kifuniko, pana muhuri hafifu ambao niliupita mara mbili kabla ya kuushika kwa kioo cha kukuza: Mombasa. Basi ilivuka ziwa. Pembeni pamezibwa upya kwa ukanda wa karatasi wenye maneno "Opened by Examiner" na namba ya mkaguzi. Mtu fulani, mwenye mkasi na orodha ya mambo yasiyoruhusiwa, alikaa akasoma bei ya pamba. Muhuri wa kufikia wa Bombay unaonyesha kwamba safari nzima ilichukua wiki tano na siku kadhaa.

Kama karani angelipia ndege, bahasha isingeruka moja kwa moja. Tangu Italia iingie vitani Juni 1940, njia ya Mediterania ilifungika, na ndege za majini za Imperial Airways, ambazo wakati huo zilikuwa zimeingizwa katika shirika jipya la BOAC, zilianza kuzunguka kwa umbo la kwato ya farasi: kutoka Durban, kupanda pwani yetu kupitia Lindi, Dar es Salaam na Mombasa, hadi Kisumu, Khartoum na Cairo, kisha mashariki kupitia Karachi na Calcutta hadi Singapore na Sydney. Singapore ilipoanguka Februari 1942, mkono mmoja wa kwato hiyo ukakatika. Bahasha iliyotumwa Januari mwaka huo kwenda Australia kwa ndege, ikarudishwa au ikacheleweshwa na kugeuzwa njia, ni jambo la kulala nalo usiku, hata kama stempu zake ni za kawaida kabisa.

Mfano wenye nguvu kuliko wote kwetu ni Zanzibar. Uhindi ya Waingereza ilifungua ofisi ya posta hapo mwaka 1868, ikafungwa baada ya muda mfupi, ikafunguliwa tena Oktoba 1875. Kwa miaka 20 mfanyabiashara wa Unguja alituma karafuu na pembe kwa kuandika barua zenye stempu za Uhindi. Wafaransa wakafungua posta yao mwaka 1889. Mwaka 1890, meli za Deutsche Ost-Afrika Linie zilipoanza safari, Wajerumani nao wakafungua wakala wao wa posta, Agosti 27. Hivyo kwa kipindi kifupi mji ule mmoja ulikuwa na posta tatu za mataifa matatu, na karani wa nyumba ya Hamburg kama O'Swald, iliyokuwa na ofisi Unguja tangu 1849, aliweza kuchagua mlango wa kuingia kwa kutazama meli ipi itang'oa nanga kwanza.

Wakala wa Wajerumani ulifungwa Julai 31, 1891, kwa sababu kwa mkataba wa mwaka uliotangulia kisiwa kilikwisha kuwa chini ya himaya ya Uingereza. Miezi kumi na moja tu. Muda wote huo waliuza stempu za kawaida za Ujerumani, zilezile ambazo karani wa Berlin alibandika kwenye barua ya kudai deni la sabuni. Hakuna neno Zanzibar juu ya stempu hata moja. Limo ndani ya muhuri. Sasa hebu fikiria mtoto mwenye mkasi na beseni. Akikata pembe na kulowesha, anabaki na stempu ya pfennig 10 yenye nusu ya muhuri, "ZANZ" au "IBAR" tu kama ana bahati, na tarehe imebaki kwenye karatasi iliyokwenda jikoni. Lamu ni vivyo hivyo. Wajerumani walikuwa na wakala hapo tangu Novemba 1888 hadi Machi 1891, wakati wa mipango yao ya kuidhibiti Witu, bara karibu na Lamu, na stempu walizotumia ni hizohizo za nyumbani. Barua ya biashara kamili kutoka Lamu ya miaka hiyo huwafanya watu wazima wapandishiane bei mnadani kama wanagombea kiwanja cha Masaki.

Kutoka hapo unaelewa kwa nini sianzi na stempu ninapoombwa kukadiria thamani. Wauzaji wengi huanza nayo, kwa sababu stempu ina namba kwenye katalogi, na katalogi inatuliza moyo. Katalogi ya Stanley Gibbons ya makoloni hata hutoa kizidisho: stempu hii ikiwa bado juu ya bahasha, zidisha bei yake mara kadhaa. Ni msaada mzuri kwa anayeanza, lakini kizidisho hakijui barua ilikwenda wapi. Bahasha mbili zenye stempu ileile, moja ya Nairobi kwenda London na nyingine ya Bukoba kwenda Iceland, kwa kizidisho zina bei moja. Kwa mtu mwenye macho haziwezi kulingana.

Mimi huanza na njia na tarehe. Kisha nahesabu ada: je, stempu hizi ndizo hasa zilizotakiwa kwa uzito huo na safari hiyo? Zikizidi sana, nashuku bahasha ya harusi. Zikipungua, natafuta alama ya deni, herufi T iliyogongwa na posta kumwambia mpokeaji alipe tofauti. Ikiwapo, bei inapanda, maana kosa la karani limeacha ushahidi wa sheria. Barua ya rejista naitazama mistari ya buluu iliyokingamana, kibandiko chenye jina la ofisi, na mihuri ya mgongoni, kwa kuwa rejista ilisainiwa kila ilipobadili mkono. Ofisi ndogo iliyofungwa baada ya miaka michache, kituo cha reli au mji wa mgodi uliokufa, hunifurahisha kuliko muhuri maridadi wa Dar es Salaam. Stempu ni ya mwisho. Hata wale wanaohesabu kamba za jahazi kwenye stempu ya senti 5 ya mwaka 1935, ambayo katika chapa ya kwanza kamba haikugusa tanga na baadaye ikaunganishwa, nawaheshimu, ila namwomba kila mmoja wao, akishamaliza kuhesabu, aigeuze bahasha.

Uso wa bahasha ya biashara una jambo jingine ambalo barua ya mapenzi haina: kona iliyochapwa. Kona hizo ni historia ya uchumi kwa kipande cha sentimita nne. Panga bahasha za benki za Dar es Salaam za mwaka 1966 na 1967 na utaona majina ya Uingereza yakitoweka na jina la Benki ya Taifa ya Biashara likijitokeza, wiki chache baada ya Azimio la Arusha na kutaifishwa kwa benki. Makarani, kwa kubana matumizi, walikata majina ya zamani kwa muhuri wa mpira au kalamu na kuendelea na akiba ya bahasha. Bahasha iliyokatwa jina hivyo naithamini kuliko mpya iliyochapwa vizuri. Zanzibar nayo ina mfano wake wa Januari 1964, stempu za Sultani zilizogongwa kwa mkono maneno "JAMHURI 1964" siku chache baada ya mapinduzi. Watu walizimaliza kwa bahasha za harusi. Barua ya kweli ya duka, yenye gundi iliyomwagika na hesabu nyuma, nimeiona mara mbili tu.

Tazama pia stempu yenye vitobo vidogo vinavyounda herufi. Si kasoro. Kampuni zilitoboa herufi zao ili tarishi asichomoe stempu za ofisi akaziuze nje; posta ya Uingereza iliruhusu mtindo huo mwaka 1868. Vitobo hivyo vinamtambulisha mtumaji hata pale jina halikuchapwa. Kinyume chake ni bahasha ya dirisha, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1902 kwa Americus Callahan wa Chicago. Kwa mhasibu ilikuwa baraka. Kwetu ni msiba: barua ikitolewa, anwani imeondoka nayo, na tunabaki na mtumaji anayemwandikia hewa.

Atakayeuliza kama biashara hii ina fedha nzito, jibu limo Mauritius, kwenye bahari yetu hiihii. Oktoba 1847 barua iliyokunjwa ilitoka Port Louis kwenda kwa wafanyabiashara wa mvinyo wa Bordeaux, ikiwa na stempu mbili za kwanza za kisiwa, ya peni moja na ya peni mbili. (Enzi hizo wengi walikunja karatasi yenyewe, mazoea ya siku ambazo ada ilihesabiwa kwa idadi ya karatasi na bahasha ilihesabika kama ya ziada.) Ilifunguliwa, ikatundikwa kwenye faili, ikasahauliwa hadi mwaka 1902, mwanafunzi mmoja alipoikuta katika makaratasi ya biashara ya mvinyo. Mwaka 1993, kwenye mnada uliofanyika Zurich, iliuzwa kwa bei iliyozidi faranga milioni 5 za Uswisi. Iliokolewa na faili la mfanyabiashara. Ole wetu kama yule kijana angekuwa na mkasi kama wangu.

Fedha ikiingia, waghushi hawakai mbali. Kwa posta za Zanzibar na Lamu nashuku kwanza, naamini baadaye. Kitu cha kwanza ni kuona kama muhuri umekanyaga stempu na karatasi kwa pamoja, bila mstari wa wino kuvunjika pale stempu inapoishia. Stempu iliyobandikwa baadaye huacha pengo au mistari isiyokutana. Kisha tarehe: ofisi ilikuwa wazi siku hiyo? Meli ilikuwa bandarini? Muhuri wa kufikia Hamburg unalingana na siku za safari, au barua imefika kabla ya kuondoka? Taa ya miale ya urujuanimno hufichua karatasi yenye kemikali za kung'arisha ambazo hazikuwepo karne ya 19. Zipo pia stempu za Uhindi zilizopigwa chapa ya Zanzibar mwaka 1895, ambazo mafundi wake waliteleza hadi wakaandika "Zanzidar". Kosa hilo la kweli lina bei kubwa, na kwa hiyo limeghushiwa na watu waliojua kukosea kwa makusudi.

Hali ya bahasha ina uzito, ila si kama watu wanavyodhani. Mkunjo, kutu ya pini, alama ya chai, hayo navumilia. Nisichovumilia ni matengenezo ya mapenzi. Selotepu hugeuka kahawia na kula karatasi. Na kuna ugonjwa wetu wa mjini: mtu akipenda karatasi yake anaipeleka kwa fundi wa fotokopi ipigwe laminesheni. Nimewahi kuletewa barua ya Bagamoyo ya enzi za Wajerumani, stempu za thamani ya pesa, sarafu ya wakati huo, zikiwa kamili, muhuri safi, imenaswa ndani ya plastiki kama kitambulisho cha mwanafunzi. Nilimrudishia mwenyewe na kumwambia aitundike ukutani. Hifadhi kwenye mifuko ya poliesta, isiwe ile laini inayonuka. Mbali na ukuta wenye unyevu. Na kwenye miji ya pwani, fungua sanduku angalau kila mwezi, maana mchwa hawatoi taarifa mapema.

Zinapatikana wapi? Minadani Ulaya, ndiyo, na ghali. Huku kwetu, stoo za maduka ya ukoo, mashamba ya mkonge yaliyobadili wenyewe, vyama vya ushirika, na hata kwa muuza karanga. Mara nyingine yule mwenye koni za karatasi ana faili lote la mtu chini ya meza yake. Muulize alikolipata kabla ya kufurahi. Bahasha za serikali zenye maandishi ya utumishi wa umma zinaweza kuwa zimetoka kwenye masjala, na Tanzania ina Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa tangu 2002. Mahali pake ni hifadhi ya nyaraka, si albamu yangu. Ukikuta barua bado imo ndani, usiitenganishe na ganda lake kwa tamaa ya kuuza mara mbili.

Bahasha ya Mwanza haikuwa na barua. Ina kitu kingine mgongoni, kando ya muhuri wa Mombasa, kwa penseli: safu ya namba nane na mstari chini yake. Marobota, nadhani, au rupia. Muuzaji mmoja aliyeitazama alitoa kifutio mfukoni, akasema ikisafishwa itapanda bei kidogo. Nilimnyang'anya kabla hajaanza. Usiku ule nilijumlisha namba zile mara tatu, na kila mara jibu langu lilipishana na lililoandikwa chini ya mstari. Karani alisahau kubeba moja.